Mwongozo Kamili wa Fedha na Malipo kwa Msafiri wa Denmark, Uswidi na Norwei

Msafiri wa kwetu anayejiandaa kwenda Ulaya hukimbilia dola kwanza. Anazunguka maduka ya kubadilishia fedha Dar es Salaam au Nairobi, anakusanya noti safi zisizo na mikunjo, anazitia kwenye bahasha na bahasha anaificha begi la mkononi. Kwa safari nyingi utaratibu huo unafaa. Kwa Skandinavia, yaani nchi hizi tatu, haufai. Unaweza kutua Stockholm na dola elfu mbili ukashindwa kununua kikombe cha kahawa, kwa sababu mgahawa haupokei noti yoyote, hata za nchi yao wenyewe. Huko kadi ndiyo fedha. Kazi kubwa ya kuiandaa inafanyika nyumbani, kwenye kaunta ya benki yako na kwenye laini yako ya simu, wiki mbili tatu kabla ya ndege.

Hatua ya 1: Tenganisha fedha tatu kichwani

Denmark, Uswidi na Norwei zote huandika bei kwa herufi "kr", na hapo ndipo wageni huchanganyikiwa. Ni fedha tatu tofauti: krone ya Denmark (DKK), krona ya Uswidi (SEK) na krone ya Norwei (NOK). Ziliwahi kuwa na muungano: Denmark na Uswidi walianza mwaka 1873, Norwei ikaingia 1875, kisha Vita vya Kwanza vya Dunia vikauvunja. Leo ukivuka daraja la Öresund kutoka Copenhagen kwenda Malmö, safari ya treni isiyofika saa moja, kutoa noti ya Denmark dukani ni sawa na kutoa shilingi ya Kenya sokoni Morogoro.

Thamani zao nazo hazilingani. Krone ya Denmark imefungwa kwenye yuro kwa kiwango cha takriban 7.46 kwa yuro moja, kwa hiyo krone 100 ni kama yuro 13 na senti 40, na hesabu hiyo haisogei sana. Krona ya Uswidi na krone ya Norwei huelea sokoni. Miaka ya karibuni kila moja imekuwa ikizunguka 11 hivi kwa yuro, mara juu mara chini. Maana yake chakula cha "120 kr" Copenhagen ni ghali kuliko cha "120 kr" Gothenburg. Asubuhi ya safari tafuta 100 ya kila nchi ni shilingi ngapi, uandike kwenye simu. Ukiwa na namba hizo tatu, kila bei utaipima papo hapo bila kikokotoo. Na kama safari inafika Helsinki, ujue Finland wanatumia yuro.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya safari, ya ubalozi na ya kweli

Viza ya Schengen, ile viza moja ya nchi nyingi za Ulaya zikiwemo hizi tatu, kwa mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024. Pamoja na ada hiyo utatakiwa kuonyesha kwamba una fedha za kujikimu: Norwei hutaja krone 500 kwa siku, Uswidi krona 450, Denmark kama krone 350. Taarifa ya benki iwe ya akaunti yako, yenye mzunguko unaoeleweka. Milioni zilizoingia juzi kwa mkupuo mmoja huzaa maswali.

Viwango hivyo ni vya karatasi. Mtu anayelala kwa ndugu anaweza kuishi navyo; anayelipia kitanda na kula mgahawani atavimaliza kabla ya jioni. Kahawa peke yake huwa kati ya 40 na 60 kr mjini. Mimi ningemshauri mgeni atenge hela ya malazi na treni kwanza, ailipe kabla ya kuondoka, halafu kinachobaki ndicho agawe kwa siku.

Treni hasa, usisubiri. SJ ya Uswidi, Vy ya Norwei na DSB ya Denmark huuza tiketi za safari ndefu kwa bei inayopanda kadiri siku inavyokaribia. DSB wana tiketi za bei nafuu ziitwazo Orange, zinazokufunga kwenye treni uliyochagua. Ukikata mapema unaokoa hela nyingi kuliko utakavyookoa kwa kubana chakula.

Hatua ya 3: Kaa kwenye kaunta ya benki mpaka uelewe

Hatua hii ndiyo inayoamua safari, kwa hiyo usiifanye kwa simu ukiwa kwenye daladala. Nenda na kadi mkononi, uulize haya.

Kwanza, kadi ina nembo gani? Visa na Mastercard zinapita karibu kila mahali Skandinavia. Kadi ya UnionPay itakubaliwa sehemu chache zaidi. Kadi ya mtandao wa ndani tu, kama UmojaSwitch kwa Tanzania au KenSwitch kwa Kenya, usiitegemee huko.

Pili, je, matumizi ya nje ya nchi yamefunguliwa? Benki nyingi hufunga kwa usalama mpaka mteja aombe. Omba yafunguliwe kwa nchi zote utakazopita, pamoja na utakapobadilisha ndege. Omba pia ununuzi wa mtandaoni ufunguliwe, maana ni ruhusa nyingine.

Tatu, kikomo cha siku ni kiasi gani? Kuna kikomo cha kutoa ATM na kikomo cha kulipia dukani, na hoteli ya siku tano inaweza kuvuka cha pili kwa malipo mamoja. Omba kiongezwe kwa muda wa safari.

Nne, benki inakata nini? Uliza makato matatu tofauti: asilimia ya kubadilisha fedha, ada ya kila muamala wa nje, na ada ya kutoa ATM ya nje. Andika majibu. Kama ATM wanakata kiasi maalumu kila mara, bora kutoa mara moja kiasi cha kutosha kuliko kutoa kidogo kidogo kila siku.

Tano, tarehe ya mwisho ya kadi na alama ya mawimbi, inayoonyesha kwamba kadi inalipa kwa kugusishwa tu kwenye mashine. Kama kadi yako haina mawimbi hayo, omba mpya. Utaihitaji kwenye mageti ya usafiri.

Kisha chukua kadi ya pili, ya benki nyingine. Kadi mbili za akaunti moja hufa pamoja mfumo wa benki ukilala. Weka moja kwenye pochi, nyingine kwenye begi, na zisikutane mpaka urudi. Kadi za mtandaoni za fedha za simu, mfano GlobalPay ya M-Pesa Kenya iliyoanza 2022 kwa ushirikiano na Visa, ni nzuri kwa kukata tiketi na kulipia hoteli, ila hazina plastiki ya kuchomeka kwenye mashine. Ziwe nyongeza tu.

Hatua ya 4: Linda laini yako ya nyumbani

Unalipia tiketi ya treni ukiwa kitandani Oslo. Umejaza namba za kadi, umebonyeza lipa, ukurasa unakwambia uingize namba za uthibitisho zilizotumwa kwa meseji. Meseji imekwenda kwenye laini ya Vodacom au Safaricom uliyoitoa uwanja wa ndege ili uweke laini ya huko. Una hela, una kadi, na hulipi kitu.

Kwa hiyo laini ya nyumbani ibaki ndani ya simu safari nzima. Kabla ya kuondoka washa romingi (huduma ya kutumia laini yako ukiwa nje ya nchi) kwa mtoa huduma wako, uhakikishe meseji zitaingia ukiwa nje na uulize gharama yake. Zima data ya laini hiyo ili isile salio, kisha intaneti upate kwa eSIM (laini ya kidijitali isiyo na kadi ya kuchomeka) au laini ya pili. Kama benki yako ina programu inayothibitisha malipo bila meseji, iwashe ukiwa bado nyumbani, maana kuisajili nako mara nyingi huhitaji meseji.

Hatua ya 5: Keshi kidogo, na iwe noti halali

Shilingi yetu huibadilishi huko. Ukibeba dola utapoteza mara mbili, shilingi kwenda dola na dola kwenda krona, kila duka likichukua chake. Beba yuro au dola 200 hadi 300 za dharura, uziache zilale. Keshi ya nchi husika toa kwenye ATM ukifika, kiasi cha 300 hadi 500 kr. Uswidi, mashine za buluu zilizoandikwa Bankomat ni za benki zao kubwa.

Sheria za keshi hazifanani. Uswidi ndiko utakutana zaidi na bango la "Kontantfritt" mlangoni, yaani hawapokei keshi. Norwei imekwenda upande mwingine: tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mteja ana haki ya kulipa keshi kwenye maduka ya kawaida yenye jengo lake, hadi krone 20,000. Denmark, sehemu yenye muhudumu hutakiwa kupokea keshi mchana, lakini usiku kuanzia saa nne inaruhusiwa kukataa.

Sasa jambo ambalo watu wetu wanaumia nalo: noti za zamani. Aliyesoma huko miaka ya nyuma anakupa bahasha ya noti zilizobaki, au mtu anakuuzia kwa bei ya kirafiki. Uswidi ilibadilisha noti zake kati ya 2015 na 2017, na za toleo la nyuma hazipokelewi dukani. Norwei ilibadilisha kati ya 2017 na 2019, yale yale. Denmark iliondoa kabisa noti ya krone 1000, pamoja na matoleo ya zamani ya noti nyingine, baada ya Mei 31, 2025. Kwa hiyo mtu akikuonyesha noti ya Denmark ya 1000, usiinunue hata kwa nusu bei. Noti kubwa ya Uswidi, ya krona 1000, ni halali. Ina picha ya Dag Hammarskjöld, katibu mkuu wa Umoja wa Mataifa aliyekufa kwa ajali ya ndege karibu na Ndola mwaka 1961 akiwa safarini kutafuta amani ya Congo. Ni noti ya kuitazama kwa heshima, ila kuibeba kunakupa shida: kupata chenji yake ni kazi. Chukua za 100 na 200.

Kumbuka pia kwamba mwenye yuro 10,000 au zaidi taslimu lazima aeleze forodha anapoingia au kutoka Umoja wa Ulaya, na Norwei, ambayo si mwanachama, inataka taarifa kwa kinachozidi krone 25,000.

Hatua ya 6: Kwenye mashine, chagua fedha ya nchi uliyomo

Hili ukilisahau utalipia kila siku. Umeweka kadi, na mashine imetambua kwamba ni ya Tanzania au Kenya. Badala ya kuomba namba ya siri inakuletea viwango viwili: krona 1,000, na pembeni yake kiasi hicho kwa dola au shilingi. Muuzaji anaweza kukuuliza kwa upole unataka ipi. Shilingi unaijua, inakutuliza moyo, unaibonyeza. Hapo umeikabidhi kampuni ya mashine kazi ya kubadilisha fedha kwa kiwango inachojipangia yenyewe. Tuseme imeongeza asilimia 6: kwenye manunuzi ya krona 1,000 zimekwenda krona 60, na benki yako bado inaweza kukata ada yake ya muamala wa nje.

Chagua SEK, DKK au NOK kila mara, dukani, hotelini na kwenye ATM. ATM huweza kulificha swali hilo kwa kuuliza kama unakubali kiwango. Ukikataa, hela inatoka vile vile, ila anayebadilisha ni benki yako. Kitufe huandikwa "Decline conversion" au "Without conversion". Bonyeza bila hofu. Kama muuzaji amekuchagulia shilingi bila kukuuliza, onyesha risiti, omba afute na aanze upya, kabla hujaondoka kaunta.

Denmark kuna la ziada. Wana kadi yao ya taifa, Dankort, iliyoanza 1983, na utakuta sehemu ndogo ambako kadi za nje hazipiti au zinatozwa ada kidogo juu ya bei. Sheria ya Ulaya inayokataza ada hiyo hulinda kadi za watu binafsi zilizotolewa huko kwao. Yako ya Dodoma au Mombasa haimo. Tangazo huwa karibu na mashine, neno la kutafuta ni "gebyr", yaani ada. Norwei nao wana kadi yao, BankAxept.

Supermaketi, ukijihudumia mwenyewe kwenye mashine ya kulipia, chukua risiti hata kama umenunua ndizi moja. Maduka mengi ya Uswidi na Norwei yana kigeti cha kutokea kinachofunguka kwa kuskani risiti hiyo.

Hatua ya 7: Swish, Vipps na MobilePay si zako

Sisi tuliozoea kulipa kwa simu tangu M-Pesa ilipoanza Kenya 2007 na Tanzania 2008 tunadhani tutaelewana nao haraka. Wao pia hutumiana hela kwa simu: Uswidi Swish (2012), Denmark MobilePay (2013), Norwei Vipps (2015). Tofauti ni kwamba huduma zao zimefungwa kwenye akaunti za benki na vitambulisho vya huko. Hakuna wakala wa kumpa keshi akuwekee. Mgeni wa wiki mbili hasajiliwi Swish.

Utakwama nayo kwenye soko la vitu vya mitumba, choo cha kulipia kijijini, au mama anayeuza maandazi ya kanisa: bango lina namba ya Swish tu. Hapo ndipo zile noti za 100 zinapofaa, au mwenyeji wako akulipie. Akikulipia, mrudishie siku ile ile bila kungoja adai. Kwa watu wa huko, kugawana bili ya chakula hadi senti ya mwisho ni ustaarabu wa kawaida wala si uchoyo. Mswahili mwenzako aliyekaa huko miaka mingi naye atakulipia kwa moyo, kwa hiyo shika kadi mbele na ulipie soko la siku inayofuata kabla hajatoa yake.

Hatua ya 8: Usafiri wa mjini

Stockholm mabasi hayapokei keshi. Kwenye geti la metro au mashine ya basi unagusisha kadi ya benki, na tiketi inadumu dakika 75. Ukibadilisha basi ndani ya muda huo gusisha tena kitu kile kile ulichoanza nacho. Ulianza na kadi, ukamalizia na simu yenye kadi hiyo hiyo ndani, mfumo unaona watu wawili na unakata mara mbili. Kama mko wawili, kila mmoja awe na kadi yake.

Kutoka uwanja wa Arlanda, treni ya haraka ni ghali, na hata treni ya kawaida ya mjini hutoza ada ya kupita kituo cha uwanja. Anayebana matumizi hupanda basi namba 583 hadi Märsta, kisha treni ya mjini, kwa tiketi ya kawaida ya SL, shirika la usafiri wa mjini Stockholm. Oslo nako usivutwe na Flytoget, treni ya haraka ya uwanja wa ndege, kwa kuwa mabango yake ndiyo unayoyaona kwanza. Treni za Vy hupita njia hiyo kwa bei ya chini sana.

Oslo huna geti la kukuzuia, unakata tiketi kwenye programu ya Ruter, shirika la usafiri wa mjini huko. Copenhagen tumia mashine za stesheni au programu ya DSB. Mahali pasipo na geti pana wakaguzi, na faini yao ni kubwa kuliko matumizi yako ya siku nzima.

Hatua ya 9: Hela inayoshikiliwa

Hoteli, kampuni za magari na pampu za mafuta zisizo na muhudumu hushikilia kiasi kwenye kadi kama dhamana. Kwenye kadi ya debiti hela hiyo inatoka kwenye salio lako halisi na huweza kurudi baada ya siku kadhaa, wakati mwingine umesharudi nyumbani. Uliza hoteli wanashikilia kiasi gani kabla ya kutoa kadi, na kadi hiyo isiwe ile ya chakula. Wanaokodisha magari wengi hutaka kadi ya mkopo yenye jina la dereva. Ukiendesha Norwei au kuingia Stockholm na Gothenburg, kamera zitarekodi ada za barabara na utakatwa baadaye kupitia kampuni ya gari.

Hatua ya 10: Chakula, bakshishi, chupa

Uswidi, mlo wa mchana wa siku za kazi uitwao "dagens lunch" mara nyingi huja na saladi, mkate na kahawa kwa krona 120 hadi 150. Kula hapo, jioni pika. Supermaketi za kununulia ni Netto na Rema 1000 kwa Denmark, Rema 1000 na Kiwi kwa Norwei, Willys na Lidl kwa Uswidi. Maji ya bomba ni salama na ya bure.

Bakshishi si lazima. Huduma iko ndani ya bei. Mashine ikikuuliza asilimia, unaruhusiwa kuweka sifuri.

Chupa na makopo ya vinywaji yana dhamana iitwayo "pant": Norwei krone 2 au 3, Denmark kati ya 1 na 3. Rudisha kwenye mashine ya supermaketi, utapewa risiti ya kulipia dukani hapo.

Hatua ya 11: Kadi ikipotea

Andika kwenye karatasi, si kwenye simu tu, namba ya benki yako inayopigika kutoka nje (inayoanza na +255 au +254, namba fupi za bure hazitoki nje). Funga kadi kwanza, kwa programu ya benki kama inaruhusu, kisha ripoti polisi ukihitaji karatasi ya bima. Endelea na kadi ya pili na zile yuro za dharura.

Hatua ya 12: Kabla ya kupanda ndege ya kurudi

Bidhaa nyingi zina VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 25 ndani ya bei. Asiye mkazi wa Ulaya anaweza kurudishiwa sehemu, baada ya kampuni ya huduma kuchukua yake. Omba fomu dukani wakati wa kununua, ukiwa na pasipoti. Kwa vitu vya Uswidi na Denmark, muhuri wa forodha hugongwa mahali unapotokea Umoja wa Ulaya mara ya mwisho: ukirudi kupitia Amsterdam, ni Amsterdam. Vya Norwei vimalize Norwei kabla ya kutoka. Usivitie kwenye begi la kukabidhi kabla havijaonekana.

Sarafu zilizobaki hazibadilishwi nyumbani, zitumie uwanja wa ndege: lipia kahawa nusu kwa sarafu, nusu kwa kadi. Baada ya kurudi linganisha risiti na taarifa ya benki kwa mwezi mzima, kwa sababu ada za barabara na dhamana za hoteli huchelewa kutulia. Kikiingia kiasi usichokijua, andikia benki pingamizi mara moja, ambatisha risiti. Mwezi ukiisha bila makato mapya, waambie wafunge tena matumizi ya nje.